Bendi ya 152Dy: mistari 19 iliyopangana sawasawa. Spini zake zinapatikanaje, na kwa nini inakatika ghafla kwenye keV 602?

Kwantamu_Chipukizi

Wakuu, habari za kazi. Naomba msaada kuhusu ile bendi ya mzunguko (mfululizo wa gama ambazo kiini kinachozunguka hutoa kinapopunguza spini) ya disprosiamu 152 (152Dy), iliyogunduliwa kwenye maabara ya Daresbury, Uingereza, na kuchapishwa mwaka 1986. Mistari yake ya gama kwa keV, nikiwa nimeondoa desimali, ni hii:

602, 647, 693, 738, 784, 829, 876, 923, 970, 1017, 1065, 1113, 1161, 1209, 1257, 1305, 1353, 1402, 1449.

Kiini kilichovutika kinapozunguka, nishati yake ni E = (ħ²/2J)·I(I+1), ambapo I ni spini na J ni momenti ya inesha (ugumu wa kukizungusha). Kikishuka spini mbili mbili, kila gama ni Eγ = (ħ²/2J)(4I − 2), na nafasi kati ya gama mbili jirani ni 8·(ħ²/2J), yaani haitegemei I. Mpaka hapo naelewa.

Nimekwama hapa. Nikichukua nafasi ya kwanza, 647 − 602 = 45, ngazi inayotoa mstari wa 602 inapata I = 27.3. Nikichukua wastani wa bendi nzima, (1449 − 602)/18 = 47.06, napata I = 26.1. Ipi ni sahihi, na kwa nini zinapishana? La pili: kwa nini bendi haiendelei kushuka hadi spini sifuri, bali inakatika kwenye 602? La tatu: kuna chochote cha aina hii kinachoweza kuonekana kwenye maabara ya kawaida ya chuo, isiyo na kichapuzi?

---

FundiGama

Karibu mkuu. Jibu ni 26, na nitakuonyesha mahali hesabu inapoteleza.

Fomula yako inadhani J ni moja tu. Kwenye data halisi kuna momenti za inesha mbili, na kila moja hupimwa kivyake. Ya kwanza inatoka kwenye nishati ya mstari wenyewe: J(1) = (2I − 1)/Eγ. Ya pili inatoka kwenye nafasi kati ya mistari: J(2) = 4/ΔEγ. Ukiweka nishati kwa MeV, zote mbili zinakuja kwa kizio cha ħ²/MeV. Angalia kwamba J(2) haihitaji ujue spini kabisa, ila J(1) inaihitaji. Ndiyo maana ripoti nyingi za viini vilivyovutika kupita kiasi huchora J(2) peke yake: ni kitu pekee unachoweza kukisema bila kukisia.

Ulipopata 27.3 uliweka J(2) ya chini ya bendi mahali pa J(1). Kwenye nafasi ya kwanza J(2) = 4/0.045 = 88.9. Lakini kwenye 602, spini ikiwa 26, J(1) = 51/0.602 = 84.7. Tofauti ni asilimia 5 tu, nayo inatosha kukusogeza spini nzima. Ukipanda bendi, nafasi zinatanuka hadi 47 na 48, J(2) inashuka kuelekea 83 hadi 85, na zile momenti mbili zinakaribiana. Kwa hiyo jaribu katikati. Chukua 970 na 1017: (4I − 2) = 970 × 8/47 = 165.1, I = 41.8. Mstari wa 970 ni wa tisa, hivyo kama 602 inaanzia 26, wa tisa unaanzia 26 + 16 = 42. Imekaa vizuri.

Tena usikate desimali. Mstari uliokadiriwa kwa kosa la nusu keV kila upande unaweka kosa la karibu 0.7 keV kwenye nafasi, na 0.7 katika 45 ni spini 0.4 nzima. Ile 49 ikifuatiwa na 47 unayoiona juu kabisa ya orodha yako, sehemu kubwa yake ni kukadiria kwako. Pakua thamani zenye desimali moja kutoka hifadhidata ya ENSDF, ni bure.

Sasa kuhusu umbo, maana namba hizi ni nzuri mno kuachwa zikae bila maana. Tufe gumu la nukleoni (protoni na nutroni) 152, ukichukua nusu kipenyo R = 1.2·A^(1/3) fm, A ikiwa idadi ya nukleoni, lina J = 0.0138 × A^(5/3), yaani takriban 60. Ukilivuta bila kubadili ujazo mpaka mhimili mrefu uwe mara mbili ya mfupi, na kulizungusha kuzunguka mhimili mfupi, J inazidishwa kwa 1.575 na kufika 94. Kilichopimwa ni 85. Ukirudisha hesabu nyuma, 85 inalingana na uwiano wa mihimili wa karibu 1.8 kwa 1. Usiitegemee sana hiyo 1.8, kwa sababu ukibadilisha 1.2 kuwa 1.22 inasogea. Kilicho imara ni kwamba kiini kinazunguka karibu kama mwili mgumu, jambo ambalo viini vya kawaida havifanyi: kwa spini ndogo, nukleoni zilizofungana jozi jozi hushusha J hadi karibu nusu ya ile ya mwili mgumu.

Kwa nini 2 kwa 1? Kwenye kisima cha mtetemo sahili (harmonic oscillator) chenye masafa ya mihimili katika uwiano wa namba nzima, ngazi za nukleoni zinarundikana upya na kuacha mianya, kama ile ya namba za ajabu za tufe (idadi za nukleoni zinazokifanya kiini kiwe imara zaidi), ila mahali pengine: 40, 60, 80, 110. Ukiongeza mfungamano wa spini na obiti, mianya ya eneo hili inahamia protoni 66 na nutroni 86. Hiyo ndiyo 152Dy, ina namba za ajabu pande zote mbili, lakini kwa umbo la yai refu.

---

Nuru_Spektra

FundiGama kamaliza upande wa hesabu. Mimi niongeze jinsi mistari hiyo inavyochimbuliwa, kwa sababu ukiiona orodha safi ya namba 19 unaweza kudhani ilikuwa inaonekana kwa macho. Bendi hii inabeba kama asilimia 1 hadi 2 tu ya matukio ya 152Dy. Iliyobaki ni mamia ya mistari ya umbo la kawaida.

Mmenyuko wenyewe: mwale wa 48Ca wenye MeV 205 unapiga shabaha ya 108Pd, vinaungana kuwa 156Dy yenye joto kali na spini kubwa, kisha nutroni nne zinachemka na kutoka. Shabaha iwe nyembamba, karatasi za paladiamu za kama mikrogramu 500 kwa sentimita ya mraba bila kitu nyuma yake, ili kiini kiruke kwenye ombwe kwa mwendo unaojulikana. Mwendo huo ukikokotoa ni asilimia 2.9 ya mwendo wa mwanga. Matokeo yake, gama ya keV 1000 inayotolewa kuelekea mbele inasogea kwa keV 29, zaidi ya nusu ya nafasi kati ya mistari yako. Usiposahihisha Dopla kwa kila kigunduzi kulingana na pembe yake, bendi haipo.

Makosa ninayoyaona sana:

Mwendo usio sahihi. Ukikosea β (mwendo wa kiini ukigawanywa kwa mwendo wa mwanga) kwa 0.002, mstari wa 1449 kwenye kigunduzi cha digrii 35 unahama kwa keV 2.4, na kile cha digrii 145 kinahama upande wa pili kwa kiasi hicho hicho. Ukijumlisha spektra, kilele kinanenepa au kinapasuka vipande viwili. Njia ya kujikagua ni kuchora pembe za mbele na za nyuma kando kando kabla ya kujumlisha. Ujue pia kwamba β moja haitoshi bendi nzima. Mistari ya juu inatolewa ndani ya femtosekunde chache, kiini kikiwa bado ndani ya shabaha na kikikimbia zaidi kidogo. Ya chini inatolewa baada ya kupungua mwendo. Hiyo ni habari njema, kwa sababu tofauti hiyo ndiyo inayopima umri wa ngazi, na umri ndio unaotoa momenti ya kwadrupoli, Q₀ (kipimo cha kuvutika kwa kiini). Kipimo cha mwaka 1987 kilitoa Q₀ ya eb 19, kosa 3. Weka hiyo kwenye fomula: B(E2), yaani nguvu ya mpito wa gama wa aina ya E2, inakuwa karibu e²b² 13.5, kama mara 2,700 au 2,800 ya nukleoni moja kufanya kazi peke yake. Nukleoni karibu zote zinazunguka pamoja, hakuna maelezo mengine ya ukubwa huo.

Kompton, yaani gama kutawanyika na kutoroka kigunduzi bila kuacha nishati yake yote. Kigunduzi cha jemaniamu kikiwa uchi kinaweka takriban robo tu ya mipigo kwenye vilele, kwingine kote ni usuli. Ukikizungushia kinga ya fuwele za BGO inayotupa mipigo iliyotoroka, unafika 0.55 hadi 0.6. Inaonekana ni faida ndogo mpaka ukumbuke kuwa tunadai gama tatu kwa pamoja: 0.25 kwa kipeo cha tatu ni 0.016, lakini 0.6 kwa kipeo cha tatu ni 0.216. Kinga ile imekupa mara 13 na zaidi ya data yenye maana. Ndiyo maana TESSA3 ya Daresbury, ikiwa na vigunduzi visivyofika ishirini, iliweza. Na ndiyo maana baadaye Marekani walijenga Gammasphere yenye nafasi 110 za vigunduzi.

Na mtego wa 647. Mstari wa pili wa bendi yako unaangukia juu ya mpito wa kawaida wa 4+ kwenda 2+ (namba ni spini, alama ni pariti) wa 152Dy hiyo hiyo, ambao nao ni keV 647. Ukifungua geti (kuchagua matukio yenye mstari fulani tu) kwenye 647 bila uangalifu, unavuta spektra yote ya umbo la kawaida: 614, 683 na jamaa zake. Bahati ni kwamba mipito hiyo iko chini ya isoma (ngazi inayodumu kuliko kawaida) ya 17+ yenye nusu-maisha ya nanosekunde 60, kwa hiyo nyingi zake zinachelewa. Bana dirisha la muda lichukue mipigo ya papo hapo tu, na 614 itapungua sana. Mimi ningeiacha 647 nje ya orodha ya mageti kabisa. Ukiwa na mistari 19 una jozi za mageti 171. Ukitoa mmoja zinabaki 153. Unapoteza kidogo, unapata usafi.

Kwa programu, RadWare ya David Radford bado ndiyo ninayoipendekeza: gf3 kwa kupima vilele, escl8r kwa matriki ya mbili mbili, levit8r kwa mchemraba wa tatu tatu.

---

Kwantamu_Chipukizi

Ahsanteni sana, Nuru na FundiGama. Nimerudia kwa 1017 na 1065 nikapata I = 42.9, nilitarajia 44. Nadhani ni zile desimali. Ila swali linabaki: hiyo 26 tunaijuaje kwa hakika? Ukianza na dhana ya J(1) = J(2), si umeshakisia jibu?

---

FundiGama

Ndiyo, umekisia, na umeliona jambo lenyewe. Ukipenda kuona dhana hiyo ikivunjika, nenda kwenye zebaki 194. Mstari wake mmoja wa chini ni keV 254, nafasi inayofuata ni karibu 42. Hesabu ile ile inatoa 12.6, na hapo hujui uchukue 12 au 13. Kwenye viini vya zebaki J(2) inapanda sana kadiri vinavyozunguka kwa kasi, kwa sababu jozi za nukleoni zinafunguka taratibu. Huko inabidi ulinganishe J(2) na mfululizo wa Harris, I + ½ = aω + bω³, ambapo ħω ni nusu ya Eγ, halafu usome I. Inasaidia kwa spini ndogo, lakini bado ni makisio.

Uhakika unakuja kwa kuunganisha bendi na ngazi zinazojulikana, na hapo ndipo swali lako la pili linapoingia.

---

Maabara7

Hilo la pili niachieni mimi, ndilo sehemu ninayoipenda kuliko zote.

Fikiria nishati ya kiini kama bonde mbili zilizotenganishwa na kilima. Bonde moja ni umbo la kawaida, jingine ni umbo la yai refu. Kwenye spini 60 bonde la yai refu ndilo la chini kabisa, kwa sababu J kubwa inafanya kuzunguka kuwa rahisi. Kadiri spini inavyopungua, faida hiyo inayeyuka: bonde la pili linabaki juu angani na la kwanza linashuka chini yake. Ngazi ya yai refu inajikuta imezungukwa na maelfu ya ngazi za kawaida zenye spini na pariti ile ile, zikitengwa nayo na kilima tu.

Sasa tazama mbio za saa. Mpito wa mzunguko ni E2, na kasi yake inakwenda na Eγ kwa kipeo cha tano. Kwa Q₀ ya eb 19, ngazi inayotoa 1449 inaishi kama femtosekunde 1. Ile ya 970 inaishi kama 7, na katika muda huo kiini kimezunguka kama mara laki nane. Ile ya 602 ingeishi kama 77. Umepunguza kasi mara 80 kutoka juu hadi chini. Wakati huo huo kilima kinapungua unene, na chembe ndogo ya mchanganyiko na ngazi za kawaida inaanza kutosha: zile zina njia za E1 za keV elfu kadhaa, zenye haraka. Ndani ya ngazi mbili au tatu nguvu yote inavuja upande wa pili. Kwa hiyo spektra inaonyesha mistari yenye nguvu sawa kwa muda mrefu, halafu 693, 647, 602, kimya.

Uvujaji huo unasambaa kwenye njia nyingi mno, na kila moja ni hafifu, ndiyo maana viungo vya moja kwa moja vilichukua miaka. Kwa zebaki 194 vilipatikana mwaka 1996 kwa Gammasphere, na kuonyesha kuwa shina la bendi liko karibu MeV 6.0 juu ya hali ya chini. Kwa 152Dy ilibidi kusubiri mwaka 2002: mstari mmoja wa keV 4011 unatoka kwenye ngazi ya bendi inayolishwa na 693 na kuangukia ngazi ya kawaida ya 27−. Ngazi ya chini kabisa ya bendi ikawekwa kwenye keV 10,644, spini na pariti 24+. Basi 693 ni 30 kwenda 28, 647 ni 28 kwenda 26, na 602 ni 26 kwenda 24. Ugunduzi mwaka 1986, spini mwaka 2002: miaka 16 ya kazi kwa mstari mmoja.

Hili la kuvuja si la viini vya spini kubwa peke yake. Isoma za mpasuko za aktinidi (elementi nzito kama urani na plutoniamu) ni bonde hilo hilo la pili. 240Pu ikiwa kwenye bonde la kwanza ina 2+ kwenye keV 43. Kwenye bonde la pili, bendi iliyopimwa mwaka 1972 inaweka 2+ kwenye keV 20 tu. Nishati ya mzunguko imepungua zaidi ya nusu, yaani J imezidi mara mbili. Gama ya keV 20 karibu yote inageuka kuwa elektroni, hivyo bendi hiyo ilisomwa kwa elektroni za mgeuzo.

---

Nuru_Spektra

Nyongeza fupi kwa mwenye kupenda mafumbo. Mwaka 1990 ilionekana kwamba bendi moja ya msisimko ya 151Tb ina mistari inayolingana na hii ya 152Dy kwa tofauti ya keV chache tu, mstari kwa mstari. Kwa nukleoni moja kupungua, A^(5/3) pekee ingetaka nishati zibadilike kwa asilimia 1.1, yaani keV 11 kwenye mstari wa 1000. Protoni iliyokosekana iko kwenye obiti ambayo haijali sana mzunguko, [301]1/2, huku obiti za maganda ya N = 6 na N = 7 zinazoamua J(2) zikibaki zimejaa vilevile. Kwa nini ufutano unatimia kwa usahihi ule, maelezo hayo hayatoshi.

---

Mwl_Wenye_Chanzo

Nijibu swali la tatu, maana limesahaulika. Bendi ya yai refu huwezi kuiona bila kichapuzi, lakini kuvutika kwa kiini kunapimika kwa chanzo kidogo cha 152Eu, kile kile cha kusawazishia vigunduzi. Nusu-maisha yake ni miaka 13.5, na kinaoza pande mbili: karibu asilimia 72 kwenda 152Sm na 28 kwenda 152Gd. Una viini viwili vya uzito mmoja kwenye chupa moja, kimoja kina nutroni 90 na kingine 88, na mpaka wa kuvutika unapita katikati yao.

Soma mistari minne. Ya samariamu: 121.8 (2+ kwenda 0+) na 244.7 (4+ kwenda 2+). Ya gadoliniamu: 344.3 na 411.1. Ngazi ya 4+ ya samariamu iko kwenye 366.5, uwiano 3.01. Ya gadoliniamu iko kwenye 755.4, uwiano 2.19. Kizungukaji kamili kinatoa 20/6 = 3.33, kitetemaji cha tufe kinatoa 2. Tofauti ya nutroni mbili na protoni mbili tu imekihamisha kiini kutoka kutetemeka kwenda kuzunguka.

Tahadhari. Kwa kigunduzi cha NaI (iodidi ya sodiamu) zoezi hili halikamiliki: upana wa kilele karibu na 411 ni kama keV 35, na mstari wa 444 wa samariamu uko keV 33 tu juu yake, kwa hiyo utapata nundu moja. Pia ukingo wa Kompton wa 344 unaangukia 198 na kuvuruga chini ya 244.7. Tumia jemaniamu. Usibandike chanzo kwenye uso wa kigunduzi: 121.8 na 244.7 zinatoka kwa pamoja, zitajumlishwa na kuunda kilele cha uongo kwenye 366.5, kando kabisa ya mstari halisi wa 367.8 wa gadoliniamu. Weka chanzo sentimita 25, hesabu saa moja au mbili, na 411 yenye asilimia 2 tu ya mozo itatokeza.

---

FundiGama

Kwantamu, ukifungua ENSDF kwa bendi nyingine za aina hii utakuta nishati imeandikwa kwa herufi, mfano x, x + 602, na spini J, J + 2, J + 4 (hapa J ni spini, si momenti ya inesha). Maana yake bendi hiyo haijaunganishwa bado, na spini yoyote utakayoikuta imeandikwa kwenye mabano ni makisio ya aina uliyoyafanya wewe leo. Usiichukue kama kipimo.